Norbert na Pumzi ya Mwaka Mpya

Wiki iliyopita tulimwacha Norbert Weigel nje ya kanisa, mrija mdomoni, taa nyekundu inawaka kwenye dashibodi, na Colette Haberkorn, mwendesha mashtaka wa kaunti, anagonga kioo cha gari kwa pete yake.

Wengine mmenipigia simu wiki nzima kuuliza kama kweli amekunywa. Mmoja kanitukana. Tulieni, nasema.

"Fungua kioo, Mzee Norbert," Colette Haberkorn alisema.

Norbert akafungua. Baridi ya Kansas ikaingia na sauti ya yule mama ikaingia nayo.

"Sijanywa! Naapa kwa kaburi la baba, sijanywa!" Norbert akapiga kelele.

"Na hiyo nyekundu ni ya nini? Mapambo ya Krismasi?"

"Sijui, Mheshimiwa! Nimetoka misa sasa hivi. Nimesali, nimeimba, nime..." Akajipiga paji la uso. "Kikombe."

"Kikombe gani?"

"Cha padri! Divai ya komunyo! Nimekunywa funda zima!"

Colette alicheka mpaka akashika kioo cha pembeni asianguke kwenye theluji.

Sasa wewe ambaye leo ndiyo mara yako ya kwanza kushika gazeti hili, ulikuwa wapi siku zote? Haya, nakupa kwa ufupi, maana wenzako wana haraka.

Norbert ni wakala wa bima hapa Marienfeld, kama baba yake. Ana bango kubwa pale barabara kuu, uso wake umejaa meno, na chini yake maneno: UKINYWA, USIENDESHE. UKIENDESHA, MPIGIE NORBERT. Mwishoni mwa mwaka juzi alitoka harusini amelewa chakari, akaendesha, akaligonga bango hilohilo. Likamwangukia. Polisi walimkuta amelala chini ya meno yake mwenyewe.

Mwingine angeshtakiwa. Norbert akapewa Mkataba. Ukae mwaka bila tone, uhudhurie masomo, usikilize akina mama waliofiwa na watoto barabarani, na gari lako lifungwe kifaa cha kupima pombe, kila kikilia upulize kwenye mrija: kijani uko safi, nyekundu umekunywa. Ukifika mwisho, kesi inachanwa, kana kwamba bango liliangushwa na upepo.

Ila kuna mtego. Kabla ya kupewa Mkataba alitia saini kwamba ni kweli alikosa. Akiteleza mara moja tu, kesi inarudi na hakuna ubishi tena, ni hukumu moja kwa moja. Akihukumiwa, ananyang'anywa kibali cha kuuza bima, na ofisi ya baba yake inafungwa. Mwaka wenyewe unaisha kesho mchana. Mmenielewa? Twende.

"Hiyo nitaiandika kuwa ya kanisa," Colette alisema akifuta machozi ya kicheko. "Sukutua mdomo, subiri kidogo, upulize tena. Halafu nipishe niingie. Gari langu limegoma kwa baridi. Utanizungusha leo, tumalizie kwa bibi yangu."

Norbert alisukutua, akatema kwenye theluji, akasali kimoyomoyo, akapuliza. Kijani.

"Umeona?" Colette alisema akifunga mkanda. "Sisi si wanyama. Mtu mwenye mizizi huwa tunamsikiliza."

Siku ya mwaka mpya hapa kwetu wazee ndio wanaobaki nyumbani. Wengine wote tunazunguka nyumba kwa nyumba kutakiana heri, kama babu zetu walivyofanya tangu wako kule Urusi, kwenye mto Volga. Unasimama mlangoni, unasema maneno ya heri, mwenzako anaitikia, gilasi ndogo inajazwa, inashuka. Ni pombe kali iliyopikwa na sukari ya kuunguza, na inashuka kwa mkupuo mmoja. Kukataa ni sawa na kumwambia mwenye nyumba afe kabla ya Pasaka.

Nyumba ya kwanza.

"Norbert! Hii hapa yako."

"Nashukuru, ndugu yangu, nameza dawa. Za meno."

"Za meno? Pasaka ulisema za figo."

"Zimepanda."

Watu wakacheka. Colette akaona aibu kwa niaba yake, akanyoosha mkono. "Msimtese mzee wa watu. Leteni hapa, nitamnywea."

Akanywa yake. Akanywa na ya Norbert.

Nyumba ya pili walimuuliza kama bango limepona au bado lina mshtuko. Colette akanywa yake, akanywa na ya Norbert. Nyumba ya tatu walimuuliza kama ni kweli sasa anauza bima ya mabango. Ikashuka yake, ikashuka na ya Norbert. Walipotoka ya nne, mwendesha mashtaka wa kaunti alikuwa anaimba, na hakuwa anaimba wimbo wa kanisani.

Njiani kifaa kililia, pii pii pii, Norbert akapuliza huku akiendesha. Kijani. Colette akampigia makofi.

"Unajua, Mzee Norbert, kesho nikifunga faili lako nitalia. Wewe ndiye mfano wangu. Nitakupeleka mji mkuu, Topeka, kwenye mkutano wetu, nikusimamishe mbele za watu, niseme: mtazameni! Mtazameni mtu aliyebadilika!"

"Asante, Mheshimiwa. Shikilia mlango, unafunguka."

Wakafika kwa Bibi Ottilia Haberkorn. Njia ya kuingilia ilikuwa inasafishwa na mwanamume mmoja mwenye koleo, kofia ya sufi imeshuka mpaka kwenye nyusi. Norbert alipomwona akajifanya anatafuta kitu chini ya siti.

Alikuwa Eusebio Tarango. Huyu alikamatwa siku ileile Norbert alipolala chini ya bango, barabara ileile. Hakugonga kitu. Taa yake ya nyuma ilikuwa imekufa, ndiyo iliyomponza. Pumzi yake ilikuwa nafuu kuliko ya Norbert. Na yeye aliuomba Mkataba. Colette akasimama mbele ya hakimu, akasema mpango ule ni wa watu wenye mizizi katika jamii. Watoto wote wa Eusebio wamebatizwa katika kanisa letu, maji yaleyale, padri yuleyule. Haikusaidia kitu. Akahukumiwa, leseni ikachukuliwa, na mpaka leo haijarudi. Kazi yake kwenye mazizi ya ng'ombe ikaenda, maana mazizi yako mbali na mji na miguu haifiki. Kisha wakala wake wa bima akamwandikia kwamba kampuni haiwezi kumhudumia mlevi. Wakala huyo mnamjua. Ana meno mengi.

"Heri ya mwaka, Eusebio!" Colette alipiga kelele dirishani.

Eusebio akagusa kofia. Akaendelea kuzoa theluji.

"Tangulia wewe," Colette alimwambia Norbert. "Bibi akiniona hivi atanitandika na mwiko. Niache nijikusanye kidogo."

Norbert akachukua mkate aliomletea bibi, akaingia. Injini aliiacha inawaka. Msishangae. Januari huku kwetu hakuna anayezima gari akienda kutakia heri, ukizima utaanza kutafuta wa kukusukuma.

Akavua viatu mlangoni, akaingia na soksi. Bibi Ottilia alikuwa mezani, chupa mkononi.

"Bibi, mimi samahani, niko kwenye dawa za meno."

"Meno gani, yale ya bango?"

"Bibi..."

"Norbert, mimi nilikuwepo baba yako alipozaliwa. Usinifanye mtoto. Uko kwenye ule mkataba wa mjukuu wangu."

Norbert akakaa bila kukaribishwa. "Nani kakwambia?"

"Mji mzima unajua! Ule mrija kwenye gari unatuambia ni wa simu. Nani anapuliza simu, wewe?"

Norbert akaona aibu, akaona na nafuu. Mwaka mzima wa figo na meno, kumbe watu walikuwa wanamwangalia tu kama sinema.

"Unaisha kesho, Bibi. Kesho mchana."

"Basi sikulazimishi. Ukiisha uje, nitakumiminia mwenyewe."

Hapo ndipo honi ilipoanza.

Haikuwa honi ya kuita mtu. Ilikuwa honi ya gari lililopata wazimu, ndefu, haikatiki, taa za mbele zinawaka na kuzima. Mbwa wa mtaa mzima wakaitikia.

Norbert akatoka mbio na soksi zake kwenye theluji. Akakuta Colette amekaa kwenye siti ya dereva, mrija mkononi, macho yamemtoka.

"Umefanya nini?"

"Nimekusaidia!"

"Umepuliza?!"

"Kilikuwa kinalia! Wewe huko ndani huji! Asiyepuliza anahesabiwa amekataa, hiyo ni kanuni, nimeitunga mimi mwenyewe! Waya wa mrija mfupi, nikasogea huku..."

"Lakini umelewa!"

"Mimi? Nimechangamka tu."

Norbert alipitisha mkono mbele ya pua ya Colette, akazungusha ufunguo, akazima injini. Honi ikanyamaza. Kwenye dashibodi taa nyekundu ilibaki inawaka. Juu yake kulikuwa na kioo kidogo cheusi, ukubwa wa kifungo cha shati, na wote wawili wakakikumbuka kwa wakati mmoja.

Kifaa kile kina jicho. Kila pumzi kinapiga picha ya aliyepuliza.

"Picha inakwenda wapi?" Norbert aliuliza.

"Kwenye kampuni ya vifaa."

"Halafu?"

"Ofisini kwangu."

"Na kwa nani mwingine?"

Colette akakiziba kile kioo cheusi kwa kidole. "Kwa hakimu."

Norbert akatulia. Siyo mtu wa akili nyingi, nimekwisha kuwaambia tangu sehemu ya kwanza, lakini miaka yote ya kuuza bima imemfundisha kunusa hasara ya mwenzake.

"Mheshimiwa. Umekaa kwenye usukani. Injini ilikuwa inawaka. Kichwani una pombe ya nyumba nne, yako na yangu. Hapa Kansas hiyo inaitwaje?"

"Sikuwa naendesha! Nilikuwa nimekaa!"

"Wangapi wamekwambia hivyo mahakamani?"

Colette akainamia usukani. "Wote," akasema.

Mkuki kwa nguruwe, wasomaji wangu, kwa binadamu mchungu! Yule mama aliyetufungia watu wa kaunti hii kama anafunga vifurushi, sasa alikuwa analia kwenye skafu yake.

"Mzee Norbert, mimi ni mtu wa familia nzuri. Ni mara yangu ya kwanza. Sikumuumiza mtu. Kazi yangu, Mzee Norbert! Watu watasema nini?"

Norbert aliyatambua maneno yale. Ni yaleyale aliyoyasema yeye mwaka jana, kwa mpangilio uleule, mbele ya meza ya mama huyuhuyu.

Najua mnachotaka. Mnataka Norbert asimame wima kwenye theluji aseme neno la haki, machozi yawatoke. Mtasubiri sana. Norbert aliinama dirishani, akauliza, "Na mimi napata nini?"

Machozi ya Colette yakakauka hapohapo. Akawa mwanasheria tena.

"Sikiliza. Kifaa kimejifunga. Baada ya dakika chache kitalia, kitaomba pumzi nyingine, maana kikishaona nyekundu hakimwamini mtu. Wewe utapuliza. Safi, kijani, uso wako uonekane wazi. Nikishakuwa na kijani yako, nitaandika ile nyekundu ni hitilafu ya baridi. Picha yake haitafika kwa hakimu, niachie mimi. Kesho mchana unatoka msafi."

"Na kikipata nyekundu ya pili?"

"Basi hakuna wa kuifuta. Inakwenda moja kwa moja, Mkataba umevunjika. Lakini wewe hujanywa, unaogopa nini?"

"Sijanywa!" Norbert alisema, na furaha ikampanda kutoka kwenye soksi mpaka kichwani. Mwaka mzima wa soda kwenye harusi, mwaka mzima wa kudanganya figo, na sasa imebaki pumzi moja. Akampa Colette mkono. Akamkumbatia. Akageukia nyumba, akapiga kelele kama mtu aliyeshinda bahati nasibu. "Yameisha, Bibi! Yameisha!"

Bibi Ottilia alikuwa amesimama barazani na shali lake, anachungulia vurugu. Masikio yake si mabovu. Alisikia vizuri kabisa. Yameisha.

Akaingia ndani. Akatoka na sinia.

Norbert alikuwa ameegemea gari, macho kwenye taa ya kifaa, anajizoeza kuvuta pumzi. Bibi akamjia taratibu kwenye njia iliyozolewa theluji, akasimama mbele yake, akanyoosha mgongo, akaanza kwa lugha ya wazee wetu, sauti ileile aliyomtakia nayo heri tangu Norbert hajaota jino:

"Norbert, mwana wa Weigel. Mwaka ukukute mzima. Nyumba yako ipate amani, shamba lako mvua, na siku ukifa ufike kwema."

Sasa jamani, nyie hamjakulia hapa. Mtoto wetu anafundishwa kuitikia maneno hayo kabla ya kufundishwa kuvuka barabara. Ukiyasikia, unavua kofia, unasema jibu lake, mkono unakwenda kwenye sinia wenyewe. Kichwa hakiulizwi. Norbert amefanya hivyo kila mwaka wa maisha yake, na baba yake alifanya hivyo, na babu yake.

Akavua kofia.

"Na wewe pia, Bibi, na Mungu akuongezee."

Ikashuka. Kwa mkupuo.

Colette alipiga ukelele. "Mzee Norbert!"

Norbert akatazama gilasi. Tupu. Akamtazama Bibi Ottilia, aliyekuwa anatabasamu. Koo lake likawaka moto, akajua hii si ndoto.

"Nimekunywa," akasema kwa sauti ndogo. "Jamani, nimekunywa."

"Si umesema yameisha?" Bibi akauliza.

Pii, kikasema kifaa. Pii. Pii. Pii.

"Kimeanza!" Colette akapiga kelele. "Sukutua! Sukutua mdomo!"

"Nimemeza! Nitasukutua tumbo?"

"Kisipopata pumzi kitaandika umekataa! Kikipata yako, nyekundu! Kikipata yangu, nyekundu!"

"Bibi!"

"Mimi nimeanza tangu asubuhi," Bibi Ottilia alisema kwa utulivu. "Leo ni mwaka mpya."

Wakageuka wote kwa pamoja. Mwisho wa njia, koleo mkononi, Eusebio Tarango alikuwa anawatazama.

Norbert na Colette wakasema kwa mpigo.

"Eusebio, kaka yangu!"

"Eusebio, rafiki yangu, hebu njoo!"

Wakamkimbilia. Norbert akamvua kofia ya sufi, akaitupa chini, akamvisha yake, ile ya ofisi ya bima yenye jina lake mbele. Colette akamfunga skafu mpaka puani, akamsogeza mbali kidogo, akamtazama kwa jicho moja.

"Itatosha. Picha za kifaa kile zina ukungu. Shusha kofia. Shusha tena. Unakunywa wewe?"

"Tangu siku ile, hapana," Eusebio alisema.

"Mungu mkubwa! Kaa hapa. Puliza kwa nguvu, mfululizo."

Eusebio akakaa kwenye siti ya dereva. Hakuwa amekaa kwenye siti ya dereva mwaka mzima, na mikono yake ilikwenda kwenye usukani ikatulia hapo kidogo. Kifaa kikaharakisha mlio wake. Akachukua mrija, akaupangusa kwa mkono wa koti.

"Nikipuliza, mimi napata nini?" akauliza.

"Faili lako nalifungua upya!" Colette akasema. "Mkataba, leseni, kila kitu! Kesho asubuhi!"

"Na bima nakurudishia," Norbert akadakia. "Kwa bei nzuri!"

Bei nzuri. Mnamsikia? Anaungua, bado anauza.

Eusebio akamtazama Colette. "Mheshimiwa, unakumbuka uliniambia nini mahakamani?"

"Eusebio, kinalia!"

"Nasikia. Unakumbuka?"

"Kesi ni nyingi, baba, siwezi kukumbuka kila mtu..."

"Mimi nakumbuka. Ulisema sina mizizi hapa. Mke wangu alikuwa nyuma yangu, na mtoto wangu mdogo. Usiku akaniuliza, baba, mizizi inauzwa wapi?"

Niwaambie ukweli, hata mimi msimulizi wenu hapa kalamu ilisimama.

Eusebio akavua skafu, akaikunja vizuri, akamwekea mwenyewe begani. Akavua kofia yenye jina la Norbert, akamvisha mwenyewe, akamnyooshea na kapelo ikae sawa. Akatoka kwenye gari.

"Mtu asiye na mizizi hawezi kumpulizia mwenye mizizi," akasema. "Huo ni udanganyifu, na mimi tayari nina hukumu."

Akaokota kofia yake kwenye theluji, akaikung'uta, akarudi kwenye koleo.

Mlio wa kifaa ukawa mmoja, mrefu. Kisha honi ikaanza tena, na safari hii injini ilikuwa imezimwa tayari, ufunguo haukuwa na cha kuzima. Norbert aliupiga usukani ngumi. Colette aliziba masikio. Kwenye kona ya mtaa likatokea gari la sherifu, mkuu wa polisi wa kaunti.

Akashuka Lamar Stoppel, naibu wa sherifu, kijana wa hapahapa, aliyepangiwa zamu siku ambayo wenzake wote wanakula nyumbani. Alikuwa na njaa na hasira.

"Heri ya mwaka, Bibi Ottilia! Majirani wamenipigia simu mpaka basi. Nyamazisheni hicho kitu!"

"Hakinyamazi!" Norbert alipiga kelele. "Mpaka apulize mtu!"

"Kwani tatizo liko wapi? Nani hapa hajanywa? Apulize tusikilizane, halafu alitoe hili gari njiani, mtambo wa kuzoa theluji uko nyuma yangu!"

Norbert akatazama soksi zake. Colette akatazama juu, kana kwamba kuna ndege inapita. Bibi Ottilia akaichukua gilasi tupu mkononi mwa Norbert, akaificha chini ya shali.

Mkono mmoja tu ulinyooka, una glavu iliyotoboka kidoleni.

"Mimi," Eusebio alisema.

"Basi njoo upulize, uendeshe, tumalize!"

"Ningependa, bwana Lamar. Lakini leseni yangu anayo huyo mama."

Lamar akageuka kumtazama huyo mama. Mwendesha mashtaka wa kaunti alikuwa ameegemea mlango wa gari kwa mikono miwili, anajitahidi kusimama wima kama alivyozoea kusimama mahakamani. Akamtolea Lamar tabasamu. Lamar naye akatabasamu, akasogea karibu ili amsalimie, akavuta hewa, tabasamu lake likaondoka.

Akaangalia siti ya dereva iliyosukumwa mbele, kimo cha mtu mfupi. Akaangalia pochi ya mwanamke iliyosahaulika sakafuni, chini ya usukani. Mkono ukashuka taratibu kwenye mkanda, ukatoka na kile kipimo kidogo cha polisi, na akakipangusa kwenye suruali.

"Mheshimiwa, samahani sana," akasema. "Vuta pumzi."

Norbert akaanza kurudi nyuma kuelekea barazani, taratibu, kwenye soksi zilizolowa.

"Na wewe, Norbert, usiende popote," Lamar alisema bila kugeuka. "Nimeiona gilasi uliyoshika. Wewe ni wa pili."